Mshororo Uliokatika: Ushairi na Riwaya ya Kiswahili Baina ya Karatasi na Skrini

Mjadala kuhusu kitabu cha karatasi na kitabu cha kielektroniki umeendeshwa miongoni mwetu kana kwamba ni suala la mapenzi. Wako wanaoililia harufu ya karatasi na uzito wa kitabu mkononi. Wako pia wanaowaona hao kuwa ni watu wa jana waliozoea chakula cha namna moja. Hoja za aina hii zina utamu wake barazani, lakini hazimfikishi mhakiki mbali. Zote mbili zinachukulia kwamba matini ni ile ile popote inapowekwa, na kwamba kinachobadilika ni starehe ya msomaji tu. Makala haya yanadai kwamba sivyo. Katika fasihi ya Kiswahili mna tanzu ambazo umbo lake limefungamana na ukurasa kiasi kwamba kuuvunja ukurasa ni kuivunja kazi yenyewe. Mna nyingine ambazo zilitungwa kwa ajili ya sikio na hazina deni lolote kwa karatasi. Mhakiki asiyezitenganisha tanzu hizo hana msingi wa kuipendelea karatasi wala wa kuitetea skrini.

Suala lenyewe si la anasa. Katika idara nyingi za Kiswahili nchini, mwanafunzi wa uzamili husoma sehemu kubwa ya matini zake katika simu, kishikwambi au tarakilishi. Vitabu vya miaka ya 1970 na 1980 vimeadimika madukani, na maktaba ikiwa na nakala mbili za diwani fulani, moja huwa imeazimwa na nyingine imechanika. Hivyo basi, hukumu tunayoitoa kuhusu umbo la shairi, muundo wa riwaya au usahihi wa matini inatokana, mara nyingi bila ya kutangazwa, na kile kilichoonekana kwenye kioo chenye upana wa kiganja. Hilo ni jambo la kihakiki kabla ya kuwa jambo la kiufundi.

Utafiti uliofanywa ughaibuni unastahili kusomwa kwa makini kuliko unavyosomwa. Mwaka wa 2018 Pablo Delgado na wenzake walichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 54 zilizofanywa kati ya 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000. Walihitimisha kwamba wasomaji wa karatasi huelewa zaidi kuliko wasomaji wa skrini. Tofauti hiyo si kubwa, lakini ilidhihirika hasa pale wasomaji walipowekewa muda maalumu, na haikupungua kadiri miaka ilivyosonga mbele na watu walivyozoea vyombo hivi, iliongezeka. Uchambuzi huu hutajwa sana na watetezi wa karatasi. Kinachosahauliwa ni kwamba tofauti hiyo ilijitokeza katika matini za kutoa maarifa, au pale matini hizo zilipochanganywa na za kisimulizi. Katika masimulizi peke yake haikuonekana. Anayeutumia uchambuzi huo kumkataza mwanafunzi asisome riwaya katika simu anautumia isivyopaswa.

Jaribio lililo karibu zaidi na kazi yetu ni lile la Anne Mangen, Gérard Olivier na Jean-Luc Velay, lililochapishwa mwaka wa 2019. Wasomaji 50 walipewa hadithi moja ya mwandishi wa Marekani Elizabeth George. Nusu yao waliisoma katika kitabu cha karatasi na nusu katika kifaa cha Kindle. Katika mambo mengi makundi hayo mawili yalilingana. Yalitofautiana katika jambo moja: wasomaji wa kifaa walishindwa zaidi kupanga matukio ya hadithi kwa mfuatano wake wa wakati. Watafiti hao wanaelekea kulieleza jambo hilo kwa mkono. Msomaji wa kitabu huhisi unene wa kurasa zilizokwisha kupita upande mmoja na zilizosalia upande wa pili, na hisia hiyo humsaidia kukumbuka tukio lilitokea wapi. Kindle ina uzito ule ule mwanzoni na mwishoni.

Matokeo haya tuyaheshimu, lakini tutambue mipaka yake. Majaribio ya namna hii hushughulikia nathari, tena nathari inayosomwa kimyakimya na mtu mmoja. Hayagusi kina, hayagusi mizani, hayagusi matini ambayo kwa karne kadhaa ilisomwa na mmoja ikasikizwa na wengi. Kuyahamisha moja kwa moja hadi kwenye ushairi wa Kiswahili ni kumpima samaki kwa pishi.

Tuanze na shairi la arudhi, kwa kuwa hapo ndipo madhara ya skrini yanapoonekana kwa macho matupu. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao, na kila kipande kina kina chake. Tuchukue mshororo wa kubuni: *Nimetoka kwetu pwani, nikaingia mjini*. Mshororo huu una herufi 37, tukihesabu nafasi na koma. Katika ukurasa wa diwani unatosha mstari mmoja na kusaza. Katika simu ambayo msomaji amekuza maandishi ili yasimuumize macho, mstari huenda ukabeba herufi 32 au 34. Kitakachotokea ni kwamba *nikaingia* litabaki juu na *mjini* litadondoka peke yake chini. Mshororo unaofuata utakatika mahali pengine, kwa sababu maneno yake yana urefu tofauti, na wa tatu huenda usikatike kabisa. Ubeti wa mishororo minne unageuka kuwa mistari sita au saba isiyolingana. Kina cha mwisho kiko pambizoni katika mstari mmoja, kiko mwanzoni mwa mstari katika mwingine; kina cha kati nacho kinaelea popote.

Sikio likiwa limekomaa, halitababaishwa na jambo hilo. Msomaji aliyelelewa katika mashairi atausoma ubeti huo kwa sauti na kuzirudisha pumzi mahali pake. Lakini wanafunzi wengi tunaowafundisha wameyajua mashairi kwa macho kabla ya kuyajua kwa masikio, na walifundishwa shuleni kuhesabu mistari ili kutaja bahari. Katika semina nimekutana na uchambuzi ulioipa tarbia kamili sifa ya shairi huru, pamoja na aya nzima ya kusifu jinsi mshairi “anavyovunja urari wa mishororo kuashiria mvurugiko wa jamii”. Urari ulikuwa umevunjwa na simu. Mvurugiko wa jamii uliletwa baadaye ili kumtetea mshairi kwa kosa ambalo hakulitenda. Hapa hatuna budi kujihoji kuhusu nadharia zetu pia: uhakiki ambao uko tayari kupata maana katika kila mkatiko wa mstari hauna njia ya kutambua mkatiko usio wa mtu yeyote.

Yafaa isemwe wazi kwamba jambo hili si laana ya teknolojia. Faili za vitabu vya kielektroniki zinazojipanga upya kwa kufuata ukubwa wa skrini zinamruhusu mhariri kuagiza kwamba sehemu ya mstari iliyozidi ijongezwe ndani, ili msomaji ajue kuwa ni mabaki ya mshororo wala si mshororo mpya. Zinamruhusu pia kuagiza kwamba mshororo, ukilazimika kukatika, ukatike penye koma, baina ya ukwapi na utao. Wahariri wa ushairi wa Kiingereza wamelishughulikia tatizo hili kwa uangalifu. Sisi bado tunamkabidhi fundi wa tarakilishi diwani ya mashairi kama tunavyomkabidhi ripoti ya mwaka. Hata magazeti, ambayo tangu enzi za Mambo Leo lililoanzishwa Tanganyika mwaka wa 1923 yamekuwa makao makubwa ya mashairi, yalikuwa na safu nyembamba kuliko ukurasa wa kitabu. Mhariri wa gazeti anayezijua kunga za utunzi huukata mshororo penye kituo chake cha pumzi. Wembamba wa safu haukuliua shairi, kwa kuwa aliyeukata mshororo alijua mahali pa kukata.

Utenzi una habari nyingine kabisa. Ubeti wake una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachouunga utenzi mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Kipande kimoja hakizidi sana herufi 20. Kwa hiyo kinatosha katika simu ya aina yoyote, hata kama msomaji amekuza maandishi kwa kiasi gani. Utanzu mkongwe kuliko nyingi tulizo nazo umekaa ndani ya chombo kipya kabisa kama aliyezaliwa humo, ilhali shairi huru la miaka ya 1970, lililojitangaza kuwa la kisasa, linatapatapa humo kwa mistari yake mirefu na mifupi.

Hata hivyo, tusifurahi haraka. Kuvipanga vipande vya utenzi kimoja chini ya kingine hakukuwa desturi ya wenyewe. Katika hati za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, aghalabu ubeti huandikwa katika mstari mmoja, vipande vikitenganishwa kwa alama, na kina cha bahari kikisimama mwishoni mwa mstari upande wa kushoto. Ukiitazama hati ya namna hiyo, unakiona kina cha bahari kikishuka ukurasani kama nguzo, ubeti baada ya ubeti. Jicho linaliona jambo ambalo sikio linalisubiri. Matoleo ya hati za Kirumi yaliyouweka ubeti katika mistari minne yaliivunja nguzo hiyo, na kina cha bahari kikawa ni mstari mmoja kati ya minne, usio na cheo kuliko mingine. Wengi wetu tuliousoma utenzi shuleni tuliupokea ukiwa umekwisha kubomolewa hivyo, tukadhani ndivyo ulivyo. Kwa hiyo, pale mtu anaponiambia kwamba simu inauharibu utenzi, humuuliza anaulinganisha na nini. Kilichofanywa na chapa kilikuwa kikubwa kuliko kinachofanywa na simu, na tulikipokea bila ya manung'uniko.

Kuna suala la urefu. Utenzi wa Herekali, ambao hati yake maarufu ni ya mwaka wa 1728, una beti zaidi ya 1,100. Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi una beti zaidi ya 4,000. Skrini ya simu ikibeba beti tano kwa mara moja, msomaji wa Rasi 'lGhuli atatelezesha kidole zaidi ya mara 800. Je, hatapotea? Kwa kufuata jaribio la Mangen na wenzake tungetarajia kwamba atapotea, kwa kuwa hana unene wa kurasa wa kumwelekeza. Mimi siamini. Utenzi ulitungwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa na kurasa hata moja mkononi. Msikilizaji aliyeketi barazani au uani akighaniwa utenzi hakuweza kurudi nyuma kutazama ni nani aliyesema nini. Mtunzi alilijua hilo, naye akamsaidia. Anaanza kwa dibaji ya kumhimidi Mungu na kumtaja aliyemwagiza karatasi na wino. Anatangaza kwamba sasa anaingia katika kisa. Kila mhusika anapotaka kunena anatajwa kwa jina na kuambiwa kuwa amenena. Jambo lililokwisha tokea hurudiwa kwa ufupi kabla ya kuendelea na lililo mbele. Mwishoni mtunzi hujitaja na pengine kuitaja tarehe kwa hesabu ya Hijra. Urudiaji huo, ambao baadhi ya wahakiki wa Kizungu waliuita udhaifu wa usimulizi, ni ramani. Utenzi umebeba ndani ya maneno yake kile ambacho riwaya imekiachia kitabu kiibebe kwa niaba yake.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu kuu. Riwaya ni mtoto wa chapa. Imekua ikijua kwamba msomaji ana mkono, na kwamba mkono huo unaweza kurudi nyuma kurasa 40 kuhakikisha jambo. Riwaya inayosimulia kwa mfululizo haihitaji sana msaada huo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka wa 1971, inamfuata binti mmoja tangu nyumbani kwao hadi mwisho wake, na mtu anaweza kuisoma katika simu akiwa ndani ya matatu bila ya kupoteza uzi. Mwandishi huyo huyo alipotoa Nagona mwaka wa 1990 na Mzingile mwaka wa 1991, aliandika kazi ambazo wakati ndani yake haufuati saa wala kalenda. Matukio yanajirudia yakiwa yamebadilika sura, ndoto na uhalisi havipakani, na msomaji analazimika kusimama na kurudi. Ni vitabu vyembamba. Wembamba huo ni sehemu ya usomaji wake, kwa kuwa mtu anaweza kuishika Nagona nzima mkononi na kuipitia mara ya pili na ya tatu kidole kikiwa kimebanwa mahali fulani katikati. Wanafunzi wanaoisoma katika skrini husoma mara moja kutoka juu hadi chini, kwa sababu skrini huvuta upande mmoja tu, kisha husema kwamba haieleweki. Sidai kwamba karatasi huifanya Nagona ieleweke. Nadai kwamba huifanya irudiwe, na kazi hiyo haina njia nyingine ya kuingiwa. Jaribio la Mangen likirudiwa siku moja kwa kutumia Nagona badala ya hadithi inayosimuliwa kwa mfumo wa kihalisi, nadhani tofauti baina ya makundi mawili ingekuwa kubwa zaidi.

Ushairi wa Kithaka wa Mberia unalipeleka suala hili hadi ukingoni. Tangu Mchezo wa Karata mwaka wa 1997, na katika diwani zake zilizofuata, Mberia ameutumia ukurasa kama mchoraji anavyoutumia. Herufi za neno hutawanywa, hushuka ngazi kwa ngazi, huinama au hujikusanya zikafanya umbo la jambo linalosemwa. Wapo wanaomlaumu kwamba ameuondoa ushairi masikioni na kuuweka machoni. Lawama hiyo ina ukweli wake, na Mberia mwenyewe, akiwa mwanaisimu, bila ya shaka alijua anachokifanya. Mashairi ya aina hii hayawezi kujipanga upya kufuata ukubwa wa skrini. Yakiwekwa katika faili ya kawaida ya kitabu cha kielektroniki, herufi zilizotawanywa hurejeshwa kwenye mstari kama askari walioitwa gwarideni, na shairi linatoweka ilhali maneno yake yote yamebaki. Hayo lazima yapigwe picha ya ukurasa mzima, kama michoro. Ajabu ni kwamba ushairi wetu uliojiona wa mbele zaidi ndio unaoihitaji karatasi kuliko wote, na ule uliodhaniwa umefungwa pingu za arudhi ndio unaoweza kuhama vyombo ukabaki na roho yake, mradi mkatiko wake uangaliwe.

Hadi sasa nimezungumzia umbo. Lipo jambo linaloniudhi zaidi kuliko umbo, nalo ni matini isiyo na wazazi. Mwanafunzi huja akiwa na faili iitwayo “Inkishafi”. Haina jalada, haina jina la mhariri, haina mwaka, haina utangulizi wala sherehe za maneno. Mtu fulani aliinakili, mwingine akampelekea mwenzake kwa simu, na sasa iko katika simu za darasa zima. Mwanafunzi anaitaja katika tasnifu kama “Al-Inkishafi”, basi. Lakini Al-Inkishafi ya nani? Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakutuachia kitabu kilichopigwa chapa. Alichotunga kimetufikia kupitia hati mbalimbali na mikono ya wahariri mbalimbali. W. E. Taylor alikuwa na toleo lake lililotokea ndani ya kitabu cha C. H. Stigand cha mwaka wa 1915, William Hichens akatoa lake mwaka wa 1939, James de Vere Allen akaja na lake mwaka wa 1977, M. M. Mulokozi akauweka pamoja na tenzi nyingine mbili katika Tenzi Tatu za Kale mwaka wa 1999. Wahariri hawa hawakubaliani katika kila neno wala katika mpangilio wote wa beti. Mchambuzi anayejenga hoja juu ya kufuatana kwa beti, mathalani juu ya njia inayoiongoza nafsi hadi kwenye magofu ya Pate, anajenga juu ya uamuzi wa mhariri fulani. Akiwa na kitabu mkononi jina la mhariri huyo linamkodolea macho kutoka kwenye jalada. Akiwa na faili ile, hajui hata kama kuna uamuzi uliofanywa.

Vivyo hivyo kwa Muyaka. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu wa Mombasa, yakakusanywa na Mwalimu Sikujua pamoja na Taylor mwishoni mwa karne ya 19, Hichens akayachapisha mwaka wa 1940, kisha Mohamed Abdulaziz akayarejelea kwa maelezo ya kina katika kitabu chake cha mwaka wa 1979. Shairi la Muyaka lisiloambatana na maelezo ya tukio lililolizaa ni fumbo lililopotewa na mfumbaji. Kitabu huyaweka maelezo hayo karibu na shairi kwa ukaidi. Huwezi kununua moja ukaacha jingine. Faili huyatenganisha bila ya taabu, na kinachotupwa kwanza daima ni maelezo. Sielewi ni kwa nini iwe hivyo, maana skrini ingeweza kuyabeba maelezo kwa namna bora kuliko karatasi. Neno gumu la Kiamu lingeweza kuguswa likafunguka, bila ya msomaji kukimbilia faharasa nyuma ya kitabu. Uwezo upo, lakini wahariri wa kuufanyia kazi ni wachache na malipo yao hayapo.

Juu ya umiliki nitasema machache, kwa kuwa wanasheria wamelizungumza zaidi. Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta nakala za Animal Farm na 1984 za George Orwell kutoka katika Kindle za watu waliokwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki ya kuziuza. Wanunuzi walirudishiwa fedha zao. Mwanafunzi mmoja wa Marekani alishtaki kwa kuwa maelezo aliyokuwa ameyaandika kuhusu 1984 hayakuwa na maana tena, baada ya matini iliyokuwa ikielezwa kutoweka. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka wa 1967, imezeeka katika rafu zetu na karatasi yake imekuwa ya manjano, lakini hakuna aliyewahi kuingia nyumbani kwa mtu usiku kuichukua. Kwa upande wa pili, faili zinazozunguka bure zinamnyima mwandishi haki yake, na hapa wanaoumia ni waandishi tunaokutana nao makongamanoni. Lawama zote tukimtwika mwanafunzi hatutamtendea haki. Ushuru wa thamani wa asilimia 16 uliowekwa juu ya vitabu na sheria ya mwaka wa 2013 haukumpunguzia mtu bei, na diwani iliyoacha kuchapishwa haiwezi kununuliwa hata na mwenye fedha.

Narudi kwenye hati za kale, kwa sababu huko ndiko skrini ilikotenda jambo ambalo karatasi haikuliweza. Mkusanyiko wa hati za Kiswahili ulioko SOAS, London, uliotokana na watu kama Taylor, Hichens, Alice Werner, J. W. T. Allen na Jan Knappert, kwa miaka mingi ulikuwa wa wenye nauli na idhini. Msomi wa Nairobi au wa Eldoret alilazimika kuutegemea uchapishaji wa wengine, na kila hoja aliyoitoa kuhusu hati ilikuwa ya kusikia. Sehemu ya hati hizo sasa imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Mtu anaweza kuketi Kisumu akaikuza picha hadi aone mahali kalamu ilipochovywa upya, mahali mnakili aliporuka kipande akakirudisha pambizoni, na ile nguzo ya kina cha bahari iliyobomolewa na chapa ikiwa bado imesimama wima. Hakuna toleo la karatasi lililotupa hayo yote, na gharama ya kuchapisha picha hizo kwa rangi ingemshinda mchapishaji yeyote wa humu nchini.

Kikwazo kilichosalia si cha vyombo. Hati zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, katika lahaja za kaskazini, na mara nyingi tahajia yenyewe haimpi msomaji kila sauti. Hana budi kuijua lahaja na mizani ili akamilishe kisichoandikwa. Idadi ya wahadhiri wetu wa fasihi wanaoweza kuusoma ukurasa huo bila ya msaada ni ndogo, na wengi wa wanafunzi wao hawajawahi kufundishwa herufi hizo hata kwa muhula mmoja. Wapo watoto wa chuoni Lamu na Mombasa wanaozitambua herufi zenyewe tangu utotoni, ingawa hakuna aliyewaonyesha kwamba ndizo zilizoandikia tenzi. Kozi hiyo ingeweza kuanza mwaka ujao, kwa kutumia picha zilizokwisha wekwa mtandaoni na walimu walio Pwani, na mtihani wake wa kwanza ungekuwa kuusoma kwa sauti ukurasa mmoja wa hati ya Mwana Kupona.